Unajitolea banda la watoto siku ya tamasha? Anzia hapa

Msimu wa matamasha ukikaribia, maswali huwa ni yale yale. "Nije na nini?" "Mtoto akilia nifanyeje?" "Mimi kuchora sijui, nitafaa kweli?" "Naweza kuja na wa kwangu?" Nimeona niyaweke majibu mahali pamoja, kwa yeyote anayekaa banda la watoto mara ya kwanza huku kwetu kusini: iwe Nane Nane pale viwanja vya Ngongo, Lindi, iwe tamasha la ngoma za asili la MaKuya, Mtwara, iwe bonanza la kata chini ya miembe.

Jambo moja ulijue mapema. Kuchora ni kazi ndogo. Kazi kubwa ya banda ni mlango: nani ameingia, kaletwa na nani, ameondoka na nani. Wenye vipaji vya kuchora hukaa meza za ndani. Mwenye macho makali na sauti ya upole ndiye wa kukaa mlangoni, hata kama hajawahi kushika brashi. Kwa hiyo ndiyo, utafaa.

Na wa kwako? Njoo naye kama kuna mtu mwingine wa kumwangalia. Huwezi kuwa mama au baba wa mmoja na mlinzi wa ishirini kwa wakati mmoja; yule wako atakuvuta shati mpaka usahau foleni.

Kabla ya siku yenyewe

Waulize waandaaji mambo haya, na usikubali jibu la "tutaona hapo hapo":

- Mkuu wa banda ni nani? Awe mmoja, si kamati.
- Zamu yako inaanza na kuisha saa ngapi?
- Huduma ya kwanza iko wapi, na askari wa tamasha wanakaa wapi?
- Afisa ustawi wa jamii wa eneo hilo anapatikana kwa namba gani?
- Maji ya kunawa yanatoka wapi, na choo kiko umbali gani?

Andika namba hizo kwenye karatasi, si kwenye simu tu. Simu huisha chaji. Ongeza na 116, namba ya bure ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, na 112 ya polisi.

Kama tamasha liko ng'ambo Msangamkuu, nunua kila kitu Mtwara mjini kabla ya kuvuka, na uulize kivuko cha mwisho cha kurudi ni saa ngapi. Si jambo la kukumbuka jua linapozama.

Vifaa

- Daftari la mahudhurio na kalamu mbili. Hiki ndicho kifaa cha kwanza. Gundi ikikosekana mtacheza. Daftari likikosekana msifungue banda.
- Vikaratasi vya namba na tepu ya karatasi, ile inayobanduka bila kuacha gundi kwenye nguo.
- Kamba ya kuzungushia banda, mita 30 hivi.
- Mikeka au jamvi. Viti vya plastiki vya kukodi ni virefu mno kwa mtoto wa miaka minne.
- Karatasi, kalamu za rangi, mikasi ya watoto yenye ncha butu, maboksi yaliyokatwa.
- Ndoo yenye koki, sabuni, beseni la maji machafu, taulo za karatasi. Taulo moja ya kitambaa kwa watoto mia ni njia ya kugawiana macho mekundu.
- Sanduku la huduma ya kwanza: plasta, pamba, bandeji, glavu.
- Vifuu vya nazi, vingi. Vinawekea penseli, vinashikilia rangi, na vinakalia karatasi zisipeperuke. Agosti ni msimu wa kusi, na upepo wa kusi ukiingia bandani utakusanya michoro yako mpaka kwenye banda la mbolea.

*Unga wa kufinyanga* ukande jana yake, nyumbani. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi laini, maji kikombe kimoja kasoro, mafuta ya kupikia kijiko kimoja. Maji yatie kidogo kidogo. Ukiyamwaga yote kwa pamoja utapata uji. Ukinata mikononi, ongeza unga. Rangi tumia ile ya chakula. Hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko. Usije na mifuko ya plastiki ya kubebea, ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Unga huu una chumvi nyingi sana, kwa hiyo mtoto asiule, na makombo yasiachwe chini mbuzi wakayafikia.

*Gundi* si lazima uinunue. Uji mzito wa unga wa muhogo unashika karatasi vizuri. Upike asubuhi ya siku yenyewe, maana ukilala unachacha na banda zima litanuka.

Visivyoingia bandani

Korosho zenye maganda. Najua, tuko Mtwara na Lindi, korosho ndiyo fahari yetu, na kila mwaka yupo mwenye wazo la kuwapa watoto korosho ghafi wazibandike kwenye picha. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, waulize akina mama wanaobangua. Mtoto akishika na kujifuta jicho, tamasha limeishia hapo. Mkitaka korosho, chora bibo kubwa na korosho yake ikining'inia chini, wapake rangi.

Korosho za kula pia hapana, wala karanga, wala pipi za kugawa. Wapo watoto ambao miili yao haizipokei korosho na karanga kabisa, na wewe huwezi kuwajua kwa kuwaangalia.

Shanga, mbegu na vikokwa visifike kwa walio chini ya miaka mitatu. Maputo ni hivyo hivyo: likipasuka, okota vipande vyote hapo hapo, kwani kipande cha puto kikiingia kooni hakitoki kirahisi.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

1. Fika saa moja kabla ya kufungua, ukague mahali. Mnaweza kuwa mmepewa eneo kando ya spika au jirani na karai la chipsi. Omba kuhama mapema, kabla hamjatandika. Banda la watoto likae mbali na jenereta, mbali na moto, mbali na njia ya bodaboda. Angalia pia jua la alasiri litapiga upande gani. Kivuli cha asubuhi kinadanganya.

2. Zungusha kamba pande tatu, acha mlango mmoja. Mmoja tu. Wazazi watainua kamba wapitishe watoto kwa nyuma, hasa foleni ikirefuka, warudishe mlangoni kwa heshima, "Samahani mama, tupitie huku tumwandike." Meza ya kuandikisha ikae kwenye mlango wenyewe, si pembeni. Ndani, weka wadogo mbali kabisa na mlango. Mtoto mwenye ualbino mpe nafasi penye kivuli kizito na umhamishe kivuli kinapohama, bila kulitangaza jambo hilo.

3. Gawaneni kazi kabla mtoto wa kwanza hajaingia. Mlangoni wawili: mmoja anaandika, mmoja anaangalia. Mezani na mikekani, kipimo changu ni mtu mmoja kwa watoto watano wa chini ya miaka sita, na mmoja kwa kumi wa miaka saba hadi kumi na mbili. Mmoja abaki hana kazi. Ndiyo, hana kazi: huyo ndiye anayekimbilia maji, choo, kelele na mzazi mwenye hasira. Mabanda mengi huvurugika kwa sababu kila mtu ameshika brashi.

4. Mpokee mtoto. Hapa ndipo nakuomba usome taratibu.

Salimia aliyemleta kwanza, kisha inama umsalimie mtoto. Uliza jina la mtoto, umri, mtaa, jina la aliyemleta na namba yake ya simu. Uliza kama kuna chakula au kitu kinachomdhuru. Vyote viingie daftarini. Kisha andika namba moja kwenye vikaratasi viwili: kimoja kinabandikwa mgongoni kwa mtoto, kingine anapewa mzazi. Mgongoni, kwa sababu cha kifuani atakibandua kabla hajakaa.

Jina la mtoto usiliandike nguoni. Mtu asiyemjua akilisoma jina ataweza kumwita kama anayemfahamu.

Sasa, utaratibu huo ni wa mtoto aliyeletwa na mtu mzima. Hapa kwetu nusu ya watoto wanakuja wenyewe, kundi limefuatana kutoka Chikongola au Magomeni ya hapa Mtwara, mkubwa wao darasa la tatu, na mdogo yuko mgongoni kwa dada yake. Usiwafukuze, ukiwafukuza watazunguka kwenye majenereta. Waandike kama kundi: namba moja kwa wote, majina yote, mtaa, shule au madrasa wanayosoma, na jina la mzazi wa mmoja wao. Walioingia pamoja watoke pamoja. Yule dada mwenye mdogo mgongoni mtazame kwa jicho la pekee. Na yeye ni mtoto, kaja kucheza. Tandika mkeka karibu naye, mtu mzima ampokee mdogo pale pale mbele ya macho yake, naye apate nusu saa ya kufinyanga.

5. Mpe kazi ndogo, kisha nyamaza. Kosa la wageni ni kumchorea mtoto. Anakupa karatasi, anasema "nichoree samaki", nawe unafurahi kuonyesha ufundi. Ukimaliza ana samaki wako, hana wake, na wenzake kumi wamejipanga nyuma yako wanataka samaki. Mwambie, "Anza na jicho, nami nitachora langu kwenye karatasi yangu." Kama hakuelewi, huenda nyumbani wanaongea Kimakonde au Kimwera tu, mtafute mtoto mwenzake amweleze. Watoto wanaelewana upesi kuliko tunavyowaelewa.

Utasikia wazo la kutengeneza mapiko, vile vinyago vya Wamakonde vya kuvaa kichwani, kwa maboksi. Linavutia, ila lina mtego: lipiko kwa Wamakonde ni mambo ya jando, na yapo yanayowekwa mbali na wasiotahiriwa na wanawake. Waulizeni wazee wa eneo kwanza. Wakisita, msibishane nao; tengenezeni sura za sungura, fisi na simba, watoto watafurahi vile vile.

6. Ichezeshe foleni. Mtoto aliyesimama robo saa bila kazi ataanza kusukuma. Mchezo wetu wa foleni hauna gharama. Kata kamba ya mita 13, itandaze chini, waambie huo ndio urefu, kutoka chini mpaka kichwani, wa yule dinosaria, mnyama wa kale ambaye mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, na ambaye sasa amesimama makumbusho ya Berlin. Amepita hata kidogo mita hizo 13. Halafu waulize: walale watoto wangapi, kichwa kwa miguu, mpaka kamba iishe? Watalala chini na kuhesabu. Watabishana. Watalala tena. Wazazi nao watakuja kuuliza huyo mnyama alikula nini. Jibu ni majani.

7. Rangi ya uso, kama ipo. Tumia rangi zilizotengenezwa kwa ngozi tu. Rangi za shule, za ukutani au kalamu za kuandikia ubao mweupe haziwekwi usoni hata mtoto akililia. Weka tone kwenye mkono kwanza, subiri dakika kadhaa. Pakiwasha au kuwa pekundu, osha na uache. Usipake karibu na macho na midomo, wala juu ya kidonda, upele au mba. Sifongo ya mmoja isiende kwa mwingine kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Mzazi aulizwe kila mara. Wapo wasiopenda, na hawana haja ya kukueleza sababu. Mtoto akisema hataki katikati ya kazi, mfute. Simba nusu si aibu.

8. Choo, picha na zamu. Mtu mzima asibaki na mtoto peke yake mahali pasipoonekana na wengine. Mtoto akibanwa, aitwe mzazi. Mzazi akiwa mbali, waende watu wazima wawili, mmoja awe mwanamke, na wasubiri nje ya mlango. Picha hazipigwi bila ruhusa ya mzazi, na ruhusa ya kupiga si ruhusa ya kuweka kwenye status. Zamu zipangwe kwa kuzingatia sala ili mlango usibaki mtupu: kabla adhuhuri haijaingia mjue nani anakwenda na nani anabaki, mkibadilishana alasiri. Kunywa maji. Mlinzi wa watoto mwenye kiu hukasirika haraka.

9. Mrudishe kwa mwenyewe. Kikaratasi cha mzazi kilingane na cha mgongoni, kisha uweke alama daftarini. Kikaratasi kimepotea? Mwulize jina la mtoto, mtaa na simu, ulinganishe na daftari, na umwangalie mtoto anampokeaje. Akija mtu mwingine, "nimetumwa na mama yake", mpigie mama kwa namba iliyoandikwa, si kwa namba atakayokutajia yeye. Atanuna. Mwache anune.

10. Funga. Hesabu mikasi. Okota makombo ya unga. Daftari lina simu za watu, kwa hiyo anaondoka nalo mkuu wa banda, halibaki mezani.

Yakikwama

*Mtoto analia tangu aingie.* Usimbembeleze kwa kumrusha juu wala kumwahidi soda. Kaa chini kando yake, mpe donge la unga ashike, usiseme mengi. Baada ya dakika kumi bado analia? Mpigie aliyemleta. Si kila mtoto anataka banda.

*Mtoto aliyepotea ameletwa kwenu.* Wengi wataletwa kwenu kwa sababu ninyi ndio "watu wa watoto". Mwandike, abaki na watu wazima wawili, na wajulisheni askari wa tamasha mara moja. Mshereheshaji asitangaze jina lake wala nguo alizovaa. Atangaze tu kwamba mzazi anayemtafuta mtoto afike banda la watoto. Atakayekuja, yeye ndiye akutajie jina na nguo.

*Mtoto wenu haonekani.* Mlango unafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Yule asiye na kazi anazunguka nje, mwingine anamwambia askari, mwingine anampigia mzazi. Msisubiri "labda karudi kwao".

*Tamasha limeisha, mzazi hajaja.* Piga simu, subirini wawili, kisha mkabidhini kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, mbele ya mkuu wa banda. Usimpeleke kwako, hata kwa nia njema.

*Mtoto amekwambia jambo zito.* Hutokea, mkono ukiwa kwenye unga: kuna mtu anamdhuru, nyumbani au shuleni. Endelea kufinyanga na umsikilize. Usimhoji kama askari, usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Mwambie amefanya vizuri kusema. Kisha mweleze mkuu wa banda na afisa ustawi, au piga 116, siku hiyo hiyo. Wengine wasisikie, wala kwenye kundi la WhatsApp lisifike.

*Mzazi mkali, rangi imeingia kwenye gauni la sikukuu.* Omba radhi kwanza, maelezo baadaye. Maji ya baridi na sabuni papo hapo. Kesho yake anza kuwafunika watoto kwa fulana kuukuu.

*Wakubwa wa miaka kumi na tatu wamejaa, wadogo hawana nafasi.* Wape kazi: wakate maboksi, wapange foleni, wasimamie bao. Ukiwapa cheo watalinda banda kuliko wewe.

*Vifaa vimeisha saa nane mchana.* Itatokea, hasa karatasi. Msifunge. Okoteni vijiwe safi muanzishe mdako kwa wakubwa. Wadogo warudi kwenye kamba ya mita 13, safari hii waipime kwa hatua. Unga uliotumika unyunyizieni maji kidogo, uukande upya na kuugawa tena.